Kadi ya Mutombo: Habari za Picha za Wachezaji wa Mpira wa Kikapu



Dominika moja, baada ya Misa na mafundisho ya wakatekumeni, kijana mmoja wa kwetu Kibabi alitungoja karibu na mlango wa kanisa. Alipoona watu wametawanyika, alitoa ndani ya kitabu chake cha sala kadi moja ya karatasi ngumu, ndogo kama kiganja cha mtoto, na pembe zake zimekwisha kuchakaa. Upande mmoja palikuwa na picha ya mtu mweusi, mrefu mno, ameshika mpira. Upande wa pili palikuwa na maandishi ya Kiingereza na safu za tarakimu. Mama yake aliikuta katika mfuko wa koti alilonunua sokoni, katika zile nguo za mitumba zitokazo ng'ambo.

Kijana akatuambia, "Mwalimu, hapa nimesoma neno Kinshasa na neno Zaire. Huyu ni mtu wa kwetu? Tena baba mdogo amesikia kwamba kadi za namna hii huuzwa kwa maelfu ya dola. Anataka tuuze mbuzi wetu wawili, tupate nauli ya kwenda mjini kutafuta mnunuzi. Je, tuuze?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Mtu yule katika picha tulimjua, maana ni nani katika Kongo asiyejua jina la Dikembe Mutombo? Lakini habari za kadi zenyewe hatukuzijua vema. Tulimwomba kijana asubiri, na mbuzi wasubiri pia. Kisha tukaanza kuulizauliza na kusoma, kwa sababu mwalimu asiyejua na asiyeuliza huwapoteza wanafunzi wake. Haya tunayoyaandika leo ndiyo tuliyoyapata. Twadhani yatawafaa wengine pia, wazazi na vijana.

1. Kadi zilianzaje?

Desturi ya kukusanya picha ndogo si ngeni kwetu Wakatoliki. Ni nani asiyekumbuka picha takatifu alizopewa na padri au sista kwa sababu amejibu vizuri katekisimu? Katika karne ya 19 picha hizo zilichapwa kwa wingi sana huko Paris, katika mtaa ulio karibu na kanisa la Saint-Sulpice, zikapelekwa katika misioni za dunia nzima. Watoto walizitia katika vitabu vya sala, wakabadilishana. Aliyekuwa na Bikira Maria wawili alimpa mwenzake mmoja, akapata Mtakatifu Yosefu.

Wafanya biashara nao waliona jambo hilo. Katika karne ileile kampuni ya Liebig, iliyouza rojo ya nyama huko Ulaya, iliwapa wanunuzi wake kadi zenye picha nzuri za rangi, na watu wakazidi kununua ili wakamilishe mfululizo wao. Huko Marekani wenye viwanda vya sigara walitia kadi ngumu ndani ya pakiti, kwanza ili sigara zisivunjike, halafu wakachapa juu yake picha za wachezaji mashuhuri. Baadaye wauzaji wa chingamu na peremende wakafuata njia hiyohiyo. Hivyo mtoto alinunua kipande cha chingamu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kadi.

Mchezo wa mpira wa kikapu wenyewe si wa zamani sana. Uliwazwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Alitaka mchezo ambao vijana wangeweza kuucheza ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda, akaandika sheria 13, basi mchezo ukaanza. Mwaka 1946 wenye timu kubwa za Marekani waliunda chama cha mashindano, ambacho tangu 1949 huitwa NBA.

Mwaka 1948 kampuni ya Bowman ilichapa mfululizo wa kadi 72 za wachezaji wa mpira wa kikapu. Kampuni ya Topps ilichapa kadi 80 mwaka 1957, na kampuni ya Fleer ikafuata mwaka 1961. Lakini biashara hiyo haikushamiri. Wamarekani wengi walipenda zaidi kadi za mchezo wao wa besiboli. Topps walirudi mwaka 1969, wakaacha tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa miaka michache viwanda vikubwa havikutoa kadi yoyote ya mpira wa kikapu, maana havikuona faida.

2. Moto unawaka

Mwaka 1986 Fleer walijaribu tena. Walichapa kadi 132, na kadi ya 57 ilikuwa ya kijana wa timu ya Chicago Bulls aitwaye Michael Jordan. Wakati ule pakiti hizo hazikugombaniwa, na wenye maduka wengine walibaki nazo. Lakini Jordan alizidi kupanda mwaka kwa mwaka, na kadi yake ikapanda pamoja naye. Watu wakaanza kufungua makabati ya watoto wao na kutafuta.

Wenye viwanda walipoona hivyo, wakaja mbiombio. Mwaka 1989 zilitoka kadi za Hoops, mwaka 1990 kadi za SkyBox, na mwaka 1991 kadi za mpira wa kikapu za Upper Deck. Hao wa Upper Deck walitia juu ya kadi zao alama ndogo ing'aayo, ambayo hubadilika rangi ukiigeuza kwenye mwanga, ili watu wasighushi. Mwaka 1992 Topps nao wakarudi. Hivyo palipokuwa na kiwanda kimoja tu mwaka 1986, baada ya miaka sita palikuwa na vitano, tena kila kimoja kilitoa mifululizo mingi.

Mtoto wa Marekani wa miaka ile alifanyaje? Alikwenda dukani na fedha zake kidogo, akanunua pakiti iliyofungwa. Ndani hakujua ana nani. Akiifungua huenda akampata Jordan, huenda akapata wachezaji wasiojulikana na mtu. Zilizozidi alibadilishana na wenzake shuleni. Nzuri alizitia katika kurasa za plastiki zenye mifuko tisa tisa, akazipanga katika jalada kubwa. Tangu mwaka 1990 lilikuwako pia gazeti la kila mwezi la Beckett, lililotaja bei ya kila kadi ya mpira wa kikapu. Mtoto alilisoma kama mkulima asomavyo mawingu. Mwaka 1991 ilianzishwa kampuni ya PSA, ambayo kazi yake ni kupima hali ya kadi na kuipa alama kutoka 1 hadi 10, kama mwalimu asahihishavyo mtihani. Kadi ikishapata alama hufungwa ndani ya kasha la plastiki, wala haishikwi tena na mkono wa mtu.

Kisha mwaka 1992 ikaja michezo ya Olimpiki ya Barcelona. Kwa mara ya kwanza Marekani waliwapeleka wachezaji wao wa kulipwa, Jordan akiwa mmoja wao. Tarehe 26 Julai walicheza na jirani zetu Waangola, wakawashinda 116 kwa 48. Waangola walifungwa sana, lakini waliusimamia uwanja mpaka mwisho mbele ya macho ya dunia yote. Baada ya michezo ile mpira wa kikapu ukajulikana kila mahali, na watu wa nchi nyingi wakatafuta picha za wachezaji wake.

3. Mtoto wa Kinshasa

Sasa tuje kwa mtu wetu. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966. Wazazi wake walikuwa Waluba wa Kasai. Alisoma katika shule ya Boboto ya Mapadri Wayesuiti, na nia yake ilikuwa kuwa mganga wa hospitali. Kwanza alicheza mpira wa miguu. Lakini kimo chake hakikukoma kupanda, mpaka kufika mita 2 na sentimita 18, na wa nyumbani kwake wakamshauri ashike mpira wa kikapu.

Mwaka 1987 alipata msaada wa masomo, akaenda Marekani katika Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington. Chuo hicho pia ni cha Wayesuiti. Kilianzishwa mwaka 1789 na John Carroll, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Marekani. Mutombo alikwenda huko kusomea udaktari, si kucheza. Mwalimu wa timu, John Thompson, alipomwona kijana mrefu namna ile, alimwita uwanjani. Baadaye Mutombo aliacha masomo ya udaktari, akamaliza mwaka 1991 katika elimu ya lugha na mambo ya ubalozi. Lugha kwake hazikuwa taabu, maana alijua tisa, zikiwemo lugha za kwetu Kongo.

Tarehe 26 Juni 1991, siku moja baada ya kutimiza miaka 25, alichaguliwa wa 4 katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, akaenda timu ya Denver Nuggets. Mwaka ule wa kwanza alipata wastani wa pointi 16.6 na kudaka mipira 12.3 katika kila mchezo. Basi viwanda vyote vinne vilivyokuwapo, yaani Fleer, Hoops, SkyBox na Upper Deck, vikachapa kadi zake. Hizo ndizo wakusanyaji huziita kadi za mwaka wa kwanza, nazo ndizo zinazotafutwa kuliko za miaka inayofuata. Nyuma ya kadi yake mtoto wa Marekani alisoma jina Kinshasa, huenda kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Hakuwa Mwafrika peke yake. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, alichaguliwa wa kwanza mwaka 1984, akaiongoza timu ya Houston kutwaa ubingwa mwaka 1994 na mwaka 1995. Manute Bol, Mdinka wa Sudani mwenye mita 2 na sentimita 31, aliingia mwaka 1985. Huyo alitoa sehemu kubwa ya mali yake kwa ajili ya watu wake walioteswa na vita, akafa mwaka 2010 akiwa hana utajiri. Kadi za hao zilikuwako pia katika majalada ya watoto.

Kazi ya Mutombo uwanjani ilikuwa ulinzi. Mtu akitupa mpira kikapuni, yeye aliupangua kwa mkono wake mrefu, kisha akatikisa kidole cha shahada, kama mzee amwambiaye mtoto, "Hapana, si nyumbani kwangu." Mwaka 1994 timu yake ya Denver, iliyokuwa ya 8 na ya mwisho katika safu yake, ilikutana na Seattle iliyokuwa ya kwanza. Denver walishindwa michezo miwili ya mwanzo. Kisha wakashinda mitatu mfululizo, wa mwisho tarehe 7 Mei, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla yake. Katika michezo hiyo mitano Mutombo alipangua mipira 31. Mwisho alilala sakafuni, ameinua mpira juu kwa mikono miwili, anacheka na kulia. Picha ile imekwenda duniani kote.

Alicheza miaka 18, akastaafu mwaka 2009. Mara nne alitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka. Jumla alipangua mipira 3,289, na ni Olajuwon tu aliyemzidi.

4. Miaka ileile kwetu

Wasomaji wa Masisi na Walikale wataona kwamba miaka tunayoitaja si miaka myepesi. Machi 1993, watoto wa Marekani walipokuwa wakifungua pakiti zao, vita ilizuka Ntoto katika Walikale, ikaenea Masisi. Watu wengi walikufa, wengi wakakimbia. Mwezi wa saba mwaka 1994, miezi miwili tu baada ya ushindi ule wa Denver, wakimbizi wa Rwanda kwa mamia ya maelfu waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikawaua maelfu. Mwaka 1996 vita ikaanza tena, na mwaka 1998 ikarudi. Hatuyataji haya ili kufukua vidonda. Twayataja ili mtu asiulize kwa nini sisi hatukukusanya kadi. Mtoto anayelala porini hakusanyi picha. Hata picha takatifu, hata vyeti vya ubatizo, vilipotea njiani.

Lakini kitu kimoja kilitufikia. Katika mitumba zilikuja fulana nyekundu zenye jina la Bulls na namba 23. Vijana wengi walizivaa bila kujua Jordan ni nani. Kwao ilikuwa fulana nzuri, isiyochujuka upesi. Hivyo mchezo ule ulitufikia kwa mgongo, si kwa macho. Na sasa, baada ya miaka mingi, kadi moja nayo imekuja kwa njia ileile, ndani ya mfuko wa koti.

5. Bei zaanguka

Turudi kwenye biashara. Viwanda vilipoona watu wananunua, vilichapa na kuchapa. Watu wazima nao wakaingia, si kwa kupenda mchezo, bali kwa kutumaini utajiri. Walinunua masanduku mazima, wakayaficha chini ya kitanda bila kuyafungua, wakisema, "Hizi zitawasomesha watoto wetu." Lakini hawakufikiri jambo moja. Kadi ya zamani ilikuwa ghali kwa sababu watu wa zamani waliitupa, zikabaki chache. Kadi ya mwaka 1991 hakuna aliyeitupa. Kila mtu aliiweka, na kila mtu alingoja siku ya kuuza.

Baadaye viwanda vikaona kwamba kadi za kawaida hazitamaniwi tena. Vikaanza kutia katika pakiti kadi chache za bahati. Mwaka 1993 Topps walitoa mfululizo uitwao Finest, ambao ndani yake zilikuwamo kadi chache zinazorudisha mwanga kama upinde wa mvua. Mwaka 1997 kadi nyingine za SkyBox zilichapwa 100 tu kwa kila mchezaji, kila moja na namba yake: 10 za kwanza za kijani, 90 nyekundu. Basi mtoto hakununua tena picha ya mchezaji ampendaye. Alinunua bahati. Wazazi, angalieni hapo! Mchezo wa watoto uligeuka ukafanana na kamari, na wengi hawakuona ulipogeukia.

Mwaka 1998 wenye timu na wachezaji waligombana juu ya mishahara, na mashindano yakachelewa miezi mingi. Januari 1999 Jordan alitangaza kuacha mchezo. Watu wakachoka, maduka mengi ya kadi yakafunga milango. Mwaka 2005 kampuni ya Fleer yenyewe ilianguka, na jina lake likanunuliwa na Upper Deck. Masanduku yaliyofichwa chini ya vitanda yalipofunguliwa, yalikuwa na thamani ndogo kuliko bei yake ya kwanza.

Je, sisi wa Kibabi na Rubaya twaweza kuwacheka? Hapana. Wazee wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda ghafula kwa sababu viwanda vya simu na vya kompyuta viliitafuta duniani kote. Watu waliacha mashamba, vijana waliacha shule, wakaingia mashimoni. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Aliyekuwa ameacha kulima maharagwe hakuwa na maharagwe wala fedha. Koltani na kadi ni vitu mbalimbali: koltani hutolewa ardhini kwa jasho na kwa hatari ya maisha, nayo ina kazi katika vyombo, kadi ni karatasi. Lakini moyo wa binadamu ni ule ule. Akiona jirani amepata, hafikiri tena, hukimbia.

Tena jambo hilo halikwisha. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu wengi walifungiwa nyumbani, wakarudia kadi zao za utoto. Bei zikapanda kupita kiasi. Januari 2021 kadi mbili za Jordan za mwaka 1986, zilizopewa alama 10 na PSA, ziliuzwa kwa dola 738,000 kila moja. Ndiyo habari iliyomfikia baba mdogo wa kijana wetu. Lakini habari ya pili haikumfikia. Katika muda usiotimia miaka miwili kadi za namna ileile, zenye alama ileile, ziliuzwa chini ya nusu ya bei ile. Habari ya kupanda hukimbia kwa miguu minne. Habari ya kuanguka huchechemea.

6. Jibu kwa kijana

Baada ya kuyajua hayo, tulimwita kijana pamoja na baba yake mdogo. Tulikaa kwenye benchi nje ya kanisa, kadi ikiwa mbele yetu. Tuliwaeleza kwamba bei ya kadi hutegemea mambo manne.

Kwanza, ziko ngapi. Kadi za mwaka 1991 zilichapwa kwa wingi mno, nazo zimehifadhiwa kwa wingi mno.

Pili, hali yake. Pembe iliyochakaa kidogo tu hushusha bei sana, na kadi yetu ilikuwa imesafiri bahari nzima mfukoni mwa koti.

Tatu, ni ya nani. Wakusanyaji hutoa fedha nyingi kwa wafungaji wa pointi. Mlinzi, hata awe hodari namna gani, hana bei kubwa.

Nne, nani anaitaka leo. Wakusanyaji wako mbali, nao wanaweza kupata kadi kama hiyo karibu na nyumbani kwao.

Basi tukawaambia wazi: kadi ya kawaida ya Mutombo ya mwaka wa kwanza, ikiwa na pembe kama hizi, huuzwa kwa dola moja au mbili. Nauli ya kwenda mjini peke yake inazidi. Baba mdogo alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe mbuzi wana bei kuliko Mutombo." Tulicheka wote, naye pia.

Lakini kijana hakucheka sana. Akauliza, "Mwalimu, mtu mkubwa namna hii, mbona picha yake ni rahisi hivi?" Swali hilo lilitugusa, na ndilo lililotufanya tuandike.

Tulimjibu hivi. Kadi ile ilichapwa mwanzoni mwa kazi yake. Nyuma yake pameandikwa urefu wake, uzito wake na hesabu za michezo. Yale makubwa aliyoyafanya baadaye hayakuandikwa hapo, wala yasingeweza kuandikwa. Mama yake, Biamba Marie, alifariki nyumbani Kinshasa katika siku za ghasia, njia zimefungwa, hata hakuweza kufikishwa hospitali. Mutombo alikuwa na fedha nyingi Marekani, lakini fedha zile hazikumsaidia mama yake usiku ule. Mwaka 1997 alianzisha shirika la kusaidia wagonjwa wa Kongo. Kwa miaka mingi aliomba misaada huku na huku, akatoa pia kwa mkono wake dola milioni nyingi. Mwaka 2007 hospitali ya vitanda 300 ilianza kupokea wagonjwa katika Kinshasa, upande wa Masina, nayo ikapewa jina la mama yake. Gharama yake ilikuwa dola milioni 29. Kijana aliyekwenda ng'ambo ili awe mganga hakuwa mganga, lakini aliwajengea waganga nyumba ya kazi.

Dikembe Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, mwenye miaka 58, kwa kansa ya ubongo. Siku zile kadi zake zilitafutwa kidogo, kisha zikarudi bei yake ya zamani. Hospitali haikurudi nyuma.

7. Mafundisho kwetu

Wapenzi, hatusemi kwamba kukusanya picha ni dhambi. Ni burudani njema kwa mtoto. Humfundisha utaratibu, kusoma, kuhesabu na kubadilishana kwa haki. Watoto wengi wa Marekani walijifunza jiografia ya dunia kwa kusoma migongo ya kadi hizo. Sisi nasi tungefurahi kama watoto wetu wangekuwa na picha za mashujaa wao, na za watakatifu wao, pamoja na nyumba ya amani ya kuziwekea. Ubaya huanza mtu anapouza mbuzi wake kwa ajili ya uvumi, au anapokiangalia kila kitu na kuuliza bei tu.

Watu husema vya kale ni dhahabu. Ni kweli mara nyingine, lakini si kila cha kale. Bwana wetu alitufundisha kutofautisha hazina ya duniani na hazina ya mbinguni, na kila Mkristu ayajua maneno yale tangu katekisimu. Historia hii fupi inatuonyesha jambo lilelile kwa mfano wa karatasi.

Wazazi, mkisikia habari ya mali inayopatikana bila jasho, ulizeni kwanza, tena ulizeni zaidi ya mtu mmoja. Walimu wa dini wenzetu, mkiulizwa jambo msilolijua, msione haya kusema "subiri". Na ninyi vijana, mkimpenda mchezaji, tafuteni kujua alifanya nini baada ya kutoka uwanjani.

Mbuzi wale wawili wangali Kibabi, na mmoja amezaa. Kadi nayo iko palepale katika kitabu cha sala cha kijana, kati ya picha ya Mtakatifu Yosefu na ile ya Mwenye Heri Anuarite. Hatukumwambia aiondoe.